Nyanya Hakujitakia Sukari

Wacha niseme ukweli. Retikulamu ya endoplazimu niliikariri Form One, nikapata maksi yangu, nikaisahau. "Husafirisha protini." Basi. Hakuna aliyeniambia hiyo kitu inamhusu nyanya yangu kule Vanga.

Nyanya ana sukari, anadungwa insulini kila siku. Na akitajwa tu barazani utasikia, "Si alipenda chai tamu na mahamri? Amejitakia." Hata mimi nishawahi kumwambia hivyo usoni. Najuta mpaka leo.

Kazi ya nyanya ni kushona makuti. Anachukua jani la mnazi, analikunja juu ya kijiti, anashona, anaenda lingine. Likikunjwa vibaya analitupa kando, manake mvua ikija litavuja.

Sasa ingia ndani ya kongosho lake. Kuna seli zinaitwa beta, ndizo hutengeneza insulini. Insulini inaanza kama uzi wa amino asidi 110. Ribosomu zilizojibandika kwenye retikulamu zinausukuma uzi ndani, ncha ya mbele inakatwa, halafu uzi unakunjwa na kushonwa kwa vifungo 3 vya salfa. Ikitoka sawa, inasonga mbele hadi Golgi, inapunguzwa mpaka amino asidi 51, inangoja sukari ipande kwenye damu. Ikikunjwa vibaya inazuiwa, inavunjwavunjwa. Yaani retikulamu si barabara tu. Ni fundi, na ni mkaguzi.

Shida ni oda. Mwili ukiacha kuisikia insulini vizuri, labda kwa kurithi, umri au uzani, seli za beta zinaambiwa zitengeneze zaidi. Inakadiriwa seli 1 inaweza kuanzisha nyuzi hizo hadi milioni 1 kwa dakika! Zilizokunjwa vibaya zikirundikana, retikulamu inapiga kengele: punguza kazi mpya, ongeza mafundi. Ikishindwa kabisa, seli inajiua. Si sababu pekee ya kisukari cha aina ya pili, lakini ni mojawapo ya sababu kinazidi kadiri miaka inavyokwenda.

Kuna kitu kingine kilinishtua. Insulini ya kwanza ya binadamu iliyotengenezwa kwa bakteria iliidhinishwa Marekani 1982. Bakteria hawana retikulamu, kwa hivyo wanasayansi walilazimika kuikunja wenyewe kiwandani. Binadamu wamefanya kwa mitambo kile seli ya nyanya ilifanya kimyakimya miaka yote, bila hata ahsante.

Juzi nilienda Vanga. Nikamwamkia, nikakaa karibu yake na makuti yake, nikamweleza yote. Nikamwambia, "Nisamehe, nyanya. Si uvivu wala ulafi. Mafundi wako wa ndani wamechoka."

Akacheka, hata hakuinua macho. "Mjukuu wangu, hata mimi nikiambiwa nishone makuti mia tano kwa siku moja, nitakushonea yanayovuja."

Wallahi, mwalimu wangu hakuwahi kuieleza hivyo.

Kwa hivyo ndiyo, punguza soda na chai ya sukari nyingi, utawapunguzia mafundi wako oda wakiwa bado na nguvu. Lakini ukikutana na mgonjwa wa sukari, hiyo "amejitakia" imeze. Muulize kama amekula, na kama dawa ipo.