Kwa Baisikeli Katika Milima ya Kisii na Nyamira

Yeye adhaniye kwamba baisikeli ni chombo cha nchi tambarare, na aje kwetu. Mji wa Kisii wapata mita 1,700 juu ya bahari, na njia ya kwenda Manga, upande wa Nyamira, ni kupanda tu kati ya migomba na mashamba ya chai.

Tulikuwa wanne. Juu ya genge la Manga tuliuona mji chini yetu, na mbali Ziwa Victoria liking'aa. Katika kushuka, waya wa breki ya mwenzetu ulikatika; akajitupa majanini, akanusurika. Basi sote tulishuka, tukazikokota baisikeli hadi bondeni. Ndugu wasomaji, mlimani mwendo wa kundi ni wa aliye nyuma.