Nuru Hafifu ya Kizimkazi

Kutoka mjini Unguja tulielekea kusini hadi Kizimkazi Dimbani, ulipo msikiti ambao maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yake yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa nje, paa lake la mabati halimdokezei mgeni ukongwe huo. Ndani, kuta ni nene na nuru ni haba.

Mara ya kwanza tulifuatana na babu yetu. Tuliomba idhini kwa msimamizi, tukavua viatu, tukazima taa ya kamera ili tusiwasumbue waliokuwa wakisoma Qur'ani. Babu aliketi karibu na mihrabu, akainua uso kuyatazama maandishi. Tuliegemeza kamera ukutani, tukapiga. Tuliporejea nyumbani tuliona mihrabu imetoka wazi, lakini uso wa babu umekuwa kama moshi. Kabla ya mwaka kwisha alifariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hatuna picha yake nyingine ya safari ile.

Tulijifunza sababu tukiwa tumechelewa. Lenzi iliyokuja na kamera, tulipoivuta karibu, haikufunguka zaidi ya f/5.6. Kwa nuru ile ilihitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo mtu hugeuza shingo. Lenzi ya f/1.8 huingiza nuru takribani mara kumi zaidi, hivyo sehemu moja ya mia ya sekunde hutosha. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Ilibaki kuchagua kati ya milimita 35 na 50. Tuliiweka lenzi ya zamani kwenye 50, tukajaribu sebuleni: tulirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na bado familia haikuenea. Kwenye 35 ilienea. Kwa kamera yetu, ambayo kihisi chake ni kidogo, tukanunua ya 35, iliyokwisha tumika.

Tulirudi Kizimkazi na mjukuu wake wa miaka tisa. Aliketi pale pale, akainua uso vile vile. Tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayotoka kwa ukali huwa nyembamba; tukalenga jicho, si kofia wala ukuta. Picha ilitoka safi, hata kope zake zinahesabika. Tulishukuru, kisha tukanyamaza.

Ndugu msomaji mwenye wazee nyumbani, lenzi hiyo ni msaada mwema, nasi hatujutii fedha tulizotoa. Lakini babu yetu aliketi barazani kila alasiri, penye nuru tele, ambapo hata kamera ya simu ingetosha. Hatukumpiga picha pale hata siku moja. Tulikuwa tukingoja safari.