Binti wa KwaMashu na Mjukuu Wetu



Mwezi uliopita mjukuu wetu, aliye darasa la kumi na mbili, alituletea fomu akitaka tuitie sahihi. Anataka kufanya usaili wa kujiunga na shule ya uigizaji ya Market Theatre, pale Newtown. Mama yake alilia. Sisi tulinyamaza, lakini moyoni tulikwisha kukataa. Hatukutoka Tanga na kufagia ofisi za watu usiku kabla ya kupata kazi ya ualimu, ili mtoto akacheze jukwaani. Hivyo ndivyo tulivyowaza.

Hakubishana nasi. Alisema tu, "Babu, twende ukaone." Jumamosi tukavuka naye Daraja la Nelson Mandela kwa miguu.

Jengo lile, lililojengwa 1913, lilikuwa soko la matunda. Mannie Manim na Barney Simon waliligeuza kuwa ukumbi wa maonyesho, ukafunguliwa 1976, siku chache baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi tarehe 16 Juni. Watu wa rangi zote waliketi humo pamoja, katika nchi ambayo sheria yake iliwatenga. Mwaka 1989 Simon na John Kani wakaanzisha hiyo shule anayoitamani mjukuu wetu.

Humo ndimo Sarafina! ilimooneshwa kwa mara ya kwanza, Juni 1987. Mtunzi alikuwa Mbongeni Ngema, na katika muziki alishirikiana na Hugh Masekela. Ni kisa cha wanafunzi wa Soweto wanaoandaa tamasha la shule la kuigiza siku ya kufunguliwa kwa Mandela, ilhali Mandela mwenyewe angali gerezani. Sarafina alikuwa Leleti Khumalo, binti wa miaka 17 kutoka KwaMashu, Durban, aliyeanzia katika kikundi cha ngoma cha vijana wa mtaani. Januari 1988 mchezo ulifika Broadway, New York, ukaoneshwa karibu mara 600, naye akapendekezwa kwa tuzo ya Tony. Filamu ilifuata 1992, Miriam Makeba akiwa mama yake na Whoopi Goldberg mwalimu wake.

Mjukuu wetu alipoutaja mwaka 1988, tulishtuka. Mwaka huohuo, tukifundisha nyumbani, tulikuwa na mwanafunzi aliyeimba hata wapita njia wakasimama kusikiliza. Tuliandika katika ripoti yake: "Nyimbo zinampotezea muda." Baba yake akamchapa. Aliacha kwaya, na hatukumsikia akiimba tena. Tulijiona tumefanya kazi yetu.

Watu wa Pwani leo tunajivunia Siti binti Saad, tukisahau kwamba katika uhai wake waliomdhihaki hawakukosekana. Ni rahisi kumheshimu msanii akiwa mtoto wa mwenzio, au akiwa amekwisha kufa.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya vijana. Sifa za mapema hazikumtosha Leleti Khumalo kwa maisha yote. Ilimpasa kuendelea kufanya kazi: mwaka 2004 alionekana katika Hotel Rwanda, na katika Yesterday, filamu ya Kizulu iliyopendekezwa kwa tuzo ya Oscar, ambamo aliigiza mama mwenye virusi vya UKIMWI. Baadaye watazamaji wa televisheni walimpokea majumbani mwao katika tamthilia ya Uzalo. Ngozi yake ilipata mabaka meupe, naye, ambaye kazi yake ni kutazamwa, akalieleza jambo hilo hadharani. Kazi hii yahitaji uvumilivu kama udaktari, na mshahara wake hauna tarehe.

Jioni ile tulikaa kikao cha familia. Mama mtu alitoa masharti mawili: mtihani wa matriki kwanza, na asiende peke yake usiku. Binti akakubali yote mawili. Tukachukua kalamu.

Wazazi wenzetu, huenda nanyi mna fomu iliyofichwa chini ya godoro la mtoto. Msiitie sahihi bila kuisoma, wala msiichane bila kumsikia mwenyewe akiimba. Sisi tulikwisha kuichana moja, mwaka 1988.