Bahari Isiyokupwa

Makala haya tumeyaandika wawili. Kalamu imeshikwa na mume, katibu wa kamati ya msikiti, mzaliwa wa Tabora. Lakini kila sentensi imepitiwa na mke, mzaliwa wa Pangani, naye amefuta mawili matatu aliyoyaona kuwa ni ya kujisafisha. Kwa hiyo tutasema "sisi", na msomaji atatuvumilia pale itakapobidi kusema "mmoja wetu".

Mwezi wa Juni tulijaaliwa kwenda Uturuki kuhudhuria mahafali ya ndugu yetu, mdogo wa huyu wa Pangani, aliyekuwa akisoma chuo kikuu katika mji wa Antalya. Nauli tuliikusanya kwa miaka miwili, na watoto watatu tuliwaacha kwa bibi yao. Sherehe ilipokwisha zikatubakia siku nne. Ndugu yetu akatuuliza tungependa kuona nini. Mmoja wetu akataja misikiti mikubwa na maduka ya vitabu. Mwingine akasema bahari, lakini kwa sharti: isiwe bahari ya hoteli.

Sharti hilo lina asili yake. Yeye alikulia nyumba ya tatu kutoka majini, akajua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na tangu alipobaleghe hajapata kuingia baharini zaidi ya kulowesha miguu. Hapana aliyemkataza kwa maneno. Ni stara tu iliyokosekana: kila pwani aliyoijua ama ina macho ya vijana wa bodaboda, ama ina ukuta na mlinzi. Tumeoana miaka kumi na mmoja, na katika muda wote huo katibu hakuwahi kumwona mkewe akiogelea. Alijua kwamba anaweza, kama mtu anavyojua kwamba babu yake alikuwa mwindaji.

Ndugu yetu akafikiri kidogo, akasema, "Basi twendeni Patara."

Tukasafiri kwa basi kuelekea magharibi, milima upande mmoja na bonde limejaa mabanda ya nailoni ya kuoteshea nyanya upande mwingine, kisha tukapanda gari dogo la abiria, linaloitwa huko dolmuş, hadi kijiji cha Gelemiş. Kutoka kijijini hadi baharini ni mwendo wa kilomita mbili hivi, na hizo kilomita mbili ndizo ajabu ya kwanza, kwa sababu njia nzima unapita katikati ya mji uliokufa. Patara ilikuwa bandari kubwa ya watu wa Likia, na wajumbe wa miji yao walikutana hapo kwa mashauri. Ukumbi wa mikutano hiyo umejengwa upya, na ngazi zake za mawe zimepangwa nusu duara. Katibu alikaa hapo kitambo, akiwaza kwamba watu hawa nao bila shaka walikuwa na mtu wa kuandika muhtasari. Ipo lango yenye matao matatu, na upo uwanja wa michezo ya kuigiza ambao kwa karne nyingi ulifukiwa na mchanga hadi wachimbaji walipoutoa. Karibu na pwani pana pia mabaki ya kituo cha simu ya upepo cha dola ya Uthmaniya, kilichowekwa mwaka 1906 kuwasiliana na Derna, Libya, ng'ambo ya bahari. Bandari yenyewe haipo tena. Mchanga uliijaza, meli zikahama, watu wakafuata meli. Waliopata kufika Kaole, karibu na Bagamoyo, wataelewa bila kuelezwa zaidi.

Kisha unapanda kilima cha mchanga, na bahari inakujia yote kwa mara moja.

Ufuko wa Patara una urefu wa takriban kilomita 18. Mahali pa kuingilia pana kibanda kimoja cha mbao kinachouza chai na maji, na miavuli kadhaa. Baada ya hapo hapana kitu. Hapana ukuta, wala ghorofa, wala taa, wala muziki. Ni mchanga, upepo na mawimbi meupe mpaka macho yanapochoka. Watu wengi walikuwa wamekaa karibu na kibanda, na mavazi yao, au uchache wake, vilimfanya katibu aelekeze macho kwenye viatu vyake. Lakini tulitembea nusu saa tu kuelekea magharibi na wote wakawa nukta. Tukawa sisi watatu, na mbele yetu kwa mbali vijana wawili wenye mbao za kupandia mawimbi.

Utupu huo si wa bahati. Pahala hapa ni eneo la mambo ya kale, na tangu mwaka 1990 pamewekwa chini ya hifadhi maalumu ya mazingira. Zaidi ya hayo, kasa wa aina ya duvi huja kutaga katika mchanga huo. Tuliona mashimo yao yamefunikwa vizimba vya chuma ili mtu asiyakanyage. Watoto wa kasa hutoka usiku na kuufuata upande wa upeo wenye mwanga, ambao kwa maumbile ni bahari. Ukijenga hoteli yenye taa nyuma yao, wanaelekea hotelini na kufa. Kwa hiyo katika msimu wa kutaga, jua likizama kila mtu huondoka, na ufuko hubaki wa kasa mpaka asubuhi. Mwenye nyumba ya wageni tuliyolala kule Gelemiş alituambia, ndugu yetu akifasiri, kwamba wazee wao walinung'unika sana. Walikuwa na ardhi wasiyoweza kuijenga, huku miji ya jirani ikitajirika. "Sasa je?" tukamuuliza. Akacheka, akasema bado wananung'unika, lakini wageni huja kwake kwa sababu ya hicho kinachowanung'unisha.

Mmoja wetu alikuwa amenunua Antalya vazi la kuogelea la stara, la suruali ndefu, gauni na kofia ya kufunika nywele. Huko linauzwa kama tunavyouza kanga. Alilivaa chini ya baibui tangu asubuhi. Adhuhuri ilipoingia tuliswali pamoja na alasiri, kama inavyojuzu kwa msafiri. Tumezoea kuelekea kaskazini. Hapo tulielekea kusini-mashariki, na bahari ikawa upande wetu wa kulia. Kisha ndugu yetu akarudi kibandani kutafuta maji ya kunywa, na huyu wa Pangani akasimama akiyatazama mawimbi.

"Nangojea yapwe," akasema.

Alingoja sana. Maji hayakupwa. Bahari ya Mediterania imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, nayo huungana na bahari kuu ya magharibi kwa mlango mwembamba wa Jabal Tariq. Kwa sababu hiyo kujaa na kupwa kwake ni jambo dogo mno, la kutoonekana na mtu aliyezoea bamvua la Pangani, ambapo maji hukimbia hadi miamba ikabaki mikavu. Na tofauti ya pili ni kwamba kwetu mawimbi makubwa huvunjikia mbali, kwenye miamba, yakatufikia yameshapoa. Pale hapana mwamba. Upepo wa alasiri huyasukuma moja kwa moja mpaka miguuni.

"Ustadhi, njoo angalau mpaka magotini," akasema, kisha akaingia.

Hatutaeleza alivyoogelea, maana hayo ameyafuta. Tutaeleza tu kwamba baada ya muda katibu aliona kichwa kile kimekuwa kidogo, na kinazidi kuwa kidogo, ingawa mikono haikuwa ikifanya bidii ya kwenda mbali. Mawimbi yakileta maji mengi ufukoni, maji hayo hayana budi kurudi, na mara nyingine hupata upenyo mmoja na kurudi kwa nguvu kama mto. Alikuwa ndani ya mto huo. Katibu akamwita kwa jina. Akaita tena. Kisha akafanya lile ambalo hata sasa hawezi kulieleza: akaingia majini na kanzu yake, yeye asiyejua kuogelea, akafika kifuani, wimbi likampiga usoni likamwangusha, na alipoinuka kofia yake ya kazi ya mkono ilikuwa imekwenda.

Mwenzake hakupigana na mkondo. Alijilaza chali akauacha umchukue, kama watoto wa Pangani wanavyofundishana kwenye mlango wa mto. Alipouona umelegea, akaogelea sambamba na pwani mpaka penye povu, na mawimbi yenyewe yakamrudisha. Alitokea hatua mia mbili kutoka pale alipoingilia. Akaja akitembea polepole, akamkuta katibu amekaa kwenye povu, anakohoa.

"Ulikuwa unakuja kunifanyia nini?" akauliza.

Hapakuwa na jibu. Tulikaa kimya kitambo, upepo ukitukausha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza, "Na angekuwa binti yako kule, ungemwita kwa jina tu?"

Hapa yatupasa kueleza jambo la nyumbani. Msikiti wetu una kiwanja cha wakfu kinachoshuka hadi baharini, chenye mivinje na mchanga safi, hakina jengo. Mwaka jana kina mama wa madrasa waliiomba kamati kwamba wasichana wafundishwe kuogelea na mwalimu wa kike. Walitukumbusha meli ya MV Spice Islander I ya mwaka 2011 na MV Skagit ya mwaka uliofuata, na kwamba sisi ni watu wa pwani tunaopanda vyombo kila wiki. Hapana mjumbe aliyepinga asili ya jambo. Hata katibu alisoma chuoni kwamba kujifunza kuogelea ni katika michezo isiyohesabiwa kuwa upuuzi. Lakini muhtasari ukaandikwa hivi: hoja imeahirishwa mpaka ipatikane sehemu yenye stara. Kikao hicho hicho, ajenda iliyofuata, tulijadili mtu aliyetaka kukodi kile kiwanja cha wakfu kwa miaka ishirini ajenge vibanda vya starehe, na wengi tukaelekea kukubali, kwa kuwa paa la msikiti linavuja. Kalamu iliyoandika mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja, bila kuona kwamba yanahusiana, ndiyo hii.

Binti yetu mkubwa ana miaka tisa. Alikuwa katika orodha ya wale wasichana.

Tuliondoka jua likielekea kuzama, kwa sababu ya kasa. Kesho yake tulirudi tena, na safari hii katibu alifika kiunoni, ameshikwa mkono, akafundishwa namna ya kulala chali juu ya maji. Hakuelea. Mwalimu wake anadai tatizo ni kwamba mwanafunzi hataki kuachia shingo.

Tuliporejea, hoja zote mbili zililetwa upya kwenye kikao, safari hii zikiwa moja: kiwanja kisikodishwe, kiwekwe uzio wa makuti kwa siku mbili za juma, kina mama waanze. Mjadala ulikuwa mrefu, na haukuwa wa upande mmoja. Mzee mmoja tunayemheshimu sana aliuliza ni nani atakayelipa mabati, na swali lake lilikuwa la haki; kiwanja kisichojengwa hakileti kodi, na ndoo tunazokinga mvua za masika zimefika saba. Watano waliafiki, wanne wakakataa, mwenyekiti akaomba muda wa kutafakari na kuonana na wafadhili wa paa. Kikao kijacho ni baada ya Ijumaa mbili.

Huku nyumbani, binti yetu hakungoja kamati. Kila jioni huweka beseni uani, akatia uso ndani ya maji na kuzuia pumzi, mama yake akiwa kando anahesabu kwa sauti. Juzi amefika thelathini na moja.