Safari ya Mpira

Safari ya kwenda kutazama mpira mbali na nyumbani ni safari ya hiari, na kila jambo la hiari lina hesabu yake. Mtu aendaye mazishini haulizwi kwa nini anakwenda, na aendaye hospitali huonewa huruma. Lakini mtu mzima afungaye mkoba wake akavuka bahari ili akatazame watu 22 wakigombea mpira mmoja, hana budi kujibu maswali ya jamaa zake, ya mfuko wake, na mwisho ya nafsi yake mwenyewe. Majibu yakitosha, safari imekwisha kupangwa. Yasipotosha, nauli na tiketi haziwezi kumfikisha mahali alipokusudia.

Segerea ni kitongoji cha Dar es Salaam katika wilaya ya Ilala, mbele ya Tabata kwa mtu atokaye mjini. Walio mbali hukijua kwa jina la gereza lake; wakazi hukijua kwa msongamano wa daladala za alfajiri, kwa vibanda vya mafundi kandokando ya barabara, na kwa ubishi usiokwisha wa Simba na Yanga. Mashabiki wake hawakuzoea kufunga safari kwa ajili ya michezo mikubwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliokamilika mwaka wa 2007 na wenye nafasi ya watu 60,000, uko Temeke. Mtu wa Segerea aweza kula chakula cha mchana kwake, akapanda daladala, akatazama mchezo, kisha akarudi kulala kitandani pake. Kwa desturi hiyo neno ugenini liliwahusu wachezaji. Watazamaji hawakulifikiri sana.

Desturi hiyo ilivunjika Mei, 2025. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Barani Afrika, na mpinzani wake alikuwa RS Berkane ya Morocco. Mchezo wa kwanza ulichezwa Berkane tarehe 17 Mei, Simba ikafungwa magoli 2 kwa 0, yote mawili katika robo saa ya kwanza. Mchezo wa marudiano ulingojewa Dar es Salaam tarehe 25 Mei. Walakini, wasimamizi wa mpira wa Afrika hawakuridhika na hali ya uwanja wa Mkapa, na mchezo ukahamishiwa Zanzibar katika uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mara ya kwanza mwaka wa 1970, ukafunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa mwishoni mwa mwaka wa 2023. Amaan huchukua watu 15,000 hivi. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kuvunja mioyo: katika kila watu wanne ambao wangeweza kuingia Mkapa, watatu walikosa mahali pa kukaa, na yule wa nne alipaswa kuvuka bahari.

Katika nyumba moja ya Segerea alikaa mzee wa miaka 70, aliyestaafu kazi ya bandarini, pamoja na mwanawe fundi seremala, mke wa mwanawe, na wajukuu watatu. Mzee huyu alikuwa mpenzi wa Simba tangu chama hicho kilipoitwa Sunderland, kabla hakijabadili jina mwaka wa 1971. Novemba, 1993, alikuwa miongoni mwa watu waliojaza Uwanja wa Taifa, ambao leo huitwa Uwanja wa Uhuru, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Mchezo wa kwanza kule Abidjan ulikuwa umekwisha bila goli, na ushindi wowote wa nyumbani ungalitosha. Simba ilifungwa 2 kwa 0 mbele ya watu wake. Tangu siku hiyo ilipita miaka zaidi ya 31 bila Simba kufika tena katika fainali ya Afrika, na mzee hakupenda kuizungumza habari ile. Vijana wa barazani walipoitaja, yeye aliomba maji ya kunywa.

Habari za kuhamishwa kwa mchezo zilipofika, mzee alisema kwa sauti ya kawaida kwamba atakwenda Unguja. Mwanawe alidhani ni mzaha, akacheka. Alipomwona babake hacheki, aliweka chini kikombe cha chai akaanza kuhesabu vizuizi. Magoti ya mzee hayakuwa mazima. Kusi lilikuwa limeanza na bahari haikuwa shwari. Mchezo ungechezwa alasiri, na mtu asiye na hakika ya boti ya usiku huo lazima ajue atalala wapi. Nauli ya mtu mmoja ilikuwa nzito, nayo ingekuwa ya watu wawili, kwani mzee hakuweza kuachwa aende peke yake. Juu ya hayo, timu ilikwenda na deni la magoli 2; kulilipa kulihitaji magoli mengine 2, na kulichukua kombe moja kwa moja kulihitaji 3, bila kufungwa hata moja.

"Baba," alisema kijana, "televisheni itatuonyesha kila kitu, tena kwa karibu kuliko watakavyoona walioko uwanjani. Utakaa kwenye kiti chako, na magoti yako hayatapata taabu."

Mzee hakujibu usiku ule.

Mke wa fundi ndiye aliyekuwa mshika fedha wa nyumba. Katika kibubu chake mlikuwa na fedha zilizokusanywa tangu Januari kwa ajili ya mabati ya chumba cha uani, ambacho kilivuja masika yote hata watoto wakahamishiwa sebuleni. Alimwambia mumewe kwa upole kwamba fedha zile zilikwisha kupewa jina, na fedha yenye jina haibatizwi mara mbili. Lakini kibubu hakikuwa sababu yake kubwa. Sababu yake kubwa ilikuwa bahari. Tarehe 18 Julai, 2012, kaka yake alikuwa ndani ya MV Skagit, meli iliyoondoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Watu wengi walipotea, yeye aliokolewa. Ilikuwa haijapita hata mwaka tangu MV Spice Islander ilipozama na mamia ya watu kati ya Unguja na Pemba, Septemba, 2011. Tangu siku hiyo yule kaka hakuvuka tena, na dada yake kila alipoona upepo umeinamisha minazi, aliuliza nani yuko safarini. Mwezi wa Skagit ulikuwa mwezi wa kusi, na Mei pia ni mwezi wa kusi. Alisema neno hilo mara moja tu, wala halikuhitaji kurudiwa.

Siku ya pili jioni mzee aliwaita wote wawili. Alisema kwamba alikuwa amewaficha jambo kwa miaka mingi, si kwa ubaya wake bali kwa udogo wake, kwa kuwa mtu huona haya zaidi kwa makosa madogo. Mwaka ule wa 1993 hakuukaa mchezo mpaka mwisho. Goli la pili lilipoingia alisimama, akajipenyeza katikati ya watu, akatoka nje ya lango, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwake. Rafiki aliyekwenda naye alibaki. Alibaki mpaka wageni wakapewa kombe, kisha akabaki tena na wazee wengine kuwapa pole wachezaji. Rafiki huyo hakumlaumu hata kidogo, naye alikwisha kufariki. Lakini kutolaumiwa kule ndiko kulikomkaa mzee rohoni.

"Sikuondoka kwa sababu sikuona," alisema. "Niliondoka kwa sababu niliona. Nyumbani mtu akizima televisheni hapana amwonaye, hata yeye mwenyewe hajioni. Mimi nataka kukaa mahali ambapo nikitaka kuondoka, nitapaswa kusimama mbele ya watu."

"Na kama wakifungwa tena, Baba?" aliuliza mkwewe.

"Ndiyo hasa nitakwenda kwa ajili hiyo, mwanangu. Wakishinda, kila mtu atakaa."

Baada ya maneno hayo mazungumzo yalibadilika. Walikuwa wakibishana kama safari ifaa au haifai. Sasa walianza kupanga jinsi itakavyofanyika, na kila aliyekuwa na kizuizi alikigeuza kuwa sharti. Mke wa fundi alitoa masharti matatu. Kwanza, kibubu kisiguswe. Pili, wasivuke Jumapili katika msongamano wa siku ya mchezo, bali Jumamosi asubuhi. Na wakiona chombo kimepakia kupita kiasi, washuke, hata kama nauli itapotea. Tatu, kabla ya kung'oa nanga wajue jaketi za kujiokolea ziliko, na wapige simu wanapoondoka na wanapofika. Masharti haya yalionekana mepesi, lakini ndani yake mlikuwa na ruhusa, na ruhusa ya mtu aogopaye ni kubwa kuliko ya mtu asiyejali.

Fedha zilitafutwa kwingine. Fundi alikuwa na kitanda na milango miwili ya watu, kazi ambazo alikusudia kuzimaliza mwishoni mwa mwezi. Alifanya kazi siku tatu mpaka usiku wa manane, majirani wakisikia randa na nyundo wakati wa kulala, na Ijumaa akakabidhi vyote akalipwa. Mzee aliongeza akiba yake ndogo ya malipo ya uzeeni. Kuhusu malazi, alimkumbuka mwenzake wa zamani wa kazi ya bandarini, aliyerudi kwao Unguja na kujenga Mwanakwerekwe, si mbali na Amaan. Alimpigia simu, wakasalimiana robo saa nzima kabla ya kufika kwenye haja yenyewe. Yule rafiki alikuwa Yanga tangu ujana. Alijibu kwamba nyumba yake haiulizi rangi ya jezi, ila mgeni asitegemee kuombewa dua ya ushindi. Kwa adabu ya ugeni, kapu la maharage na vitunguu likaandaliwa.

Tiketi za uwanjani zilikuwa taabu ya mwisho. Vijana wa tawi la Segerea walikuwa wakichangishana ili waende kwa pamoja, na aliyepokea michango aliandika kila shilingi katika daftari la shule mbele ya mtoaji, kwa sababu safari nyingi za mashabiki hufia katika mfuko wa mweka hazina kabla hazijafika kituo cha kwanza. Fundi aliomba nafasi mbili za kuingilia tu, akawaachia wenzake mambo ya boti. Ijumaa usiku mkoba mmoja ulifungwa. Ndani yake mlitiwa vitambulisho, dawa ya magoti, jezi mbili nyekundu, koti la mvua, na mkate.

Jumamosi waliondoka kabla ya mapambazuko, daladala ikawateremsha mjini, wakatembea polepole mpaka bandarini. Mzee alichagua kiti cha ghorofa ya chini, karibu na njia. Bahari ilikuwa na mawimbi, na wengine walitapika. Yeye alishika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ahadi. Baada ya saa mbili hivi, simu ililia Segerea, na aliyeipokea hakusema neno refu. Alisema "Alhamdulillahi", akaendelea kufua nguo.

Jumapili, tarehe 25 Mei, Amaan ilijaa. Katika dakika ya 17 Joshua Mutale alifunga, na kwa muda deni la magoli 2 lilibaki moja. Mapema katika kipindi cha pili Simba ilipoteza mchezaji kwa kadi nyekundu, na watu 10 wakaendelea kulitafuta goli ambalo 11 hawakulipata. Katika dakika za nyongeza Berkane walisawazisha. Matokeo yakawa 1 kwa 1, na kwa jumla 3 kwa 1. Hapo watu wengi walisimama wakaanza kuelekea milangoni. Fundi naye alishika mkoba, akamwambia babake kwamba ni afadhali watangulie, magoti yasije yakasukumwa katika msongamano.

"Keti, mwanangu," alisema mzee.

Waliketi. Waliona wachezaji wa Simba wameanguka majanini. Waliona wageni wakipokea medali na kuliinua kombe lao la tatu la aina ile. Mzee aliwapigia makofi machache, kisha akawapigia makofi mengi wale waliofungwa. Uwanja ulipokuwa karibu kuwa mtupu, alisimama bila kusaidiwa akasema kwamba sasa waweza kwenda kula.

Mwenyeji wao wa Mwanakwerekwe, pamoja na uyanga wake, hakuutaja mchezo mpaka chakula kilipokwisha. Jumatatu walivuka kurudi. Mke wa fundi aliwapokea mlangoni, akauliza habari za bahari kabla ya habari za mpira, na fedha za mabati zilikuwa mahali pake. Mtu wa barazani aliyemwona mzee amerudi na jezi yake alimwuliza kwa kejeli kama nauli ile haikupotea bure. Mzee alimjibu kwamba alikwenda kuchukua kitu alichokiacha uwanjani mwaka wa 1993, naye amerudi nacho. Yule mtu hakuelewa. Hakuhitajika kuelewa, kwani hesabu ya safari ya hiari hufungwa na yule aliyesafiri.