Chakula Kinachorudi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Sahani za ugali na sato hazijaondolewa, binti kaanza tena. Hana kichefuchefu, hatoki jasho, wala hakimbilii chooni. Mashavu yanajaa, anatafuna kidogo, anameza, kisha anaendelea kubishana na mdogo wake. Nikamuuliza chakula kikirudi kina ladha gani. "Ugali uleule, mama. Hauna uchungu." Dawa zote alizopewa za asidi na vidonda vya tumbo, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Hata mizizi ya mama mkwe kutoka Magu ilirudi pamoja na uji.

Ijumaa, 8 Machi
Shule wamemtaka akapimwe mimba. Mwenzake alimwona akitema chakula nyuma ya darasa, basi. Msichana akitapika, wakubwa wana wazo moja tu. Majibu yametoka, hana. Hakuna aliyemwomba radhi. Nimepanda daladala hadi Butimba nimefunga mdomo, maana ningeufungua ningemtukana konda asiye na kosa.

Alhamisi, 14 Machi
Leo hospitali ya Bugando tumempata daktari mwenye subira. Hakukimbilia kipimo cha kamera. Alimwambia binti ale chapati na ndizi palepale, anywe maji, kisha apandishe blauzi kidogo. Tukakodolea tumbo. Mara misuli ya chini ya mbavu ikanywea ghafla, kama mkono unaokamua kiriba, na papo hapo mashavu yakajaa. Nilikuwa natazama mdomo siku zote. Kumbe kazi yote inafanyika chini.

Akaeleza: misuli ikibana, shinikizo tumboni hupanda, mlango wa juu wa tumbo hulegea, chakula hurudi. Huu ni ugonjwa wa kucheua. Huweza kuanza baada ya ugonjwa wa tumbo au msongo, mwili ukashika mazoea. Si makusudi, wala si mbinu ya kukonda. Hutokea punde baada ya kula, hukoma chakula kikianza kuchachuka, na usingizini haupo. Dawa za asidi hazizuii misuli kubana.

Tiba yake ni pumzi. Mkono mmoja kifuani, mwingine kitovuni. Unaopanda uwe wa kitovuni. Kiwambo kilicho chini ya mapafu kikishuka hivyo, misuli ya tumbo haipati nafasi ya kubana. Afanye kila baada ya mlo, hasa akihisi kinakuja.

Jumapili, 17 Machi
Nimesoma habari za Brown-Séquard, tabibu aliyezaliwa Mauritius mwaka 1817. Alikuwa akimeza sponji zilizofungwa uzi, azivute apate majimaji ya tumbo lake ayachunguze, mpaka akabaki anacheua. Binti kacheka sana: "Yule alijitakia!" Sikuwahi kumsikia akiucheka ugonjwa huu kabla ya leo.

Jumatatu, 25 Machi
Chai ya asubuhi imekaa. Wali wa jana ulirudi kidogo, akakumbuka mkono, ukatulia. Maji akiyanywa kwa pupa bado yanamshinda.

Nimepeleka barua ya daktari ili aruhusiwe kukaa kimya kidogo baada ya chakula cha mchana. Mwalimu wa darasa kaisoma, kaigeuza nyuma, kisha kaniuliza kama ugonjwa huu unaambukiza. Nikamwambia hauambukizi. Kesho ni makande.