Mechi ya Kiporo

Nyumbani kwetu kiporo ni wali wa jana, unaopashwa moto asubuhi na kuliwa na chai. Kwenye soka, kiporo ni mechi iliyoahirishwa. Zamani nilidhani ni utani wa watangazaji. Baadaye nikawa katibu wa ligi ya ndondo mtaani, nikaelewa.

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba. Timu moja ilihitaji sare tu ili ifuzu. Wapinzani wao walihitaji ushindi. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa bwawa, nikaahirisha. Mechi ikaja kuchezwa katikati ya Januari. Kufikia hapo mabeki wawili wa timu iliyohitaji sare walikuwa wamerudi shule ya bweni. Wakafungwa bao moja, wakatoka. Nahodha wao alinifuata huku kashika viatu mkononi. “Katibu, uliahirisha mechi au uliahirisha timu yetu?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia mvua haina upendeleo, akaondoka.

Swali lake lilinirudia niliposoma habari za Sierra Leone na Benin. Tarehe 30 Machi 2021 walipaswa kukutana Freetown, mechi ya mwisho ya kundi la kufuzu AFCON. Nigeria ilikwishafuzu, nafasi imebaki moja. Benin walikuwa na pointi saba, Sierra Leone nne. Sare ingewatosha Benin. Lakini vipimo vya korona vilionyesha baadhi ya wachezaji wa Benin wameambukizwa, wao wakayapinga majibu, na mechi haikuchezwa.

CAF ikaipeleka Juni, tena Conakry, nchini Guinea. Hata huko ilisogezwa siku moja kwa sababu ya vipimo hivyohivyo. Tarehe 15 Juni, Kei Kamara akafunga penalti, Sierra Leone wakashinda 1-0. Wakafuzu kwa mara ya kwanza tangu 1996.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki kumi na moja. Katika muda huo ligi za Ulaya zinaisha, mtu anaumia, mwingine anapona, aliyekuwa moto anapoa. Klabu hulazimika kuwaachia wachezaji katika siku maalumu za kalenda tu, kwa hiyo huwezi kusema turudie keshokutwa.

Ni rahisi kusema Benin walionewa. Lakini Sierra Leone nao walipoteza kitu: uwanja wa nyumbani na watu wao. Na kama mechi ingechezwa Machi kwa nguvu, huku upande mmoja ukiamini umenyang’anywa wachezaji, nani angeyaheshimu matokeo? Kuahirisha kulikuwa na dhuluma yake, na kucheza kungekuwa na yake.

Ndiyo maana sasa naona haki ya kiporo haipatikani siku ya mvua. Siku hiyo kila mtu ameshapiga hesabu, na tarehe yoyote utakayotaja ina anayenufaika. Inabidi iandikwe kabla mpira haujaanza: siku ya akiba, uwanja wa akiba, nani atapima na nani atasikiliza rufaa.

Msimu uliofuata niliandika siku ya akiba juu kabisa ya ratiba, kabla ya kupanga makundi. Yule nahodha alikuja kuchukua nakala ya timu yake. Aliisoma kimya, akaikunja, akaitia mfukoni.

“Sasa hapo sawa, katibu,” alisema. “Lakini ile ya Januari bado unatudai radhi.”

Nikamwomba radhi, palepale.